Vidole Vitatu vya Fadhilani

Barua ya nane ilipofika, Furahini alikuwa bado ana miaka tisa.

Aliyeisoma ni Mbazi, karani wa chama cha ushirika, na aliisoma kama alivyozisoma zile saba za mwanzo, kwa sauti ya mtu anayetangaza mkutano. "Mimi ni Furahini. Nina miaka tisa. Niko darasa la tatu. Nawashukuru wafadhili wangu. Bila wao nisingekuwa chochote." Akaikunja, akamrudishia Nakijwa, mama yake Furahini.

Nakijwa hakujua kusoma. Lakini alikuwa fundi cherehani, na hakuna anayejua kukua kwa mtoto kama fundi cherehani, maana kila mwaka anaombwa kushusha pindo.

"Mbazi, baba, rudia hapo kwenye miaka."

"Tisa, mama Furahini."

"Na ile ya mwaka jana?"

Mbazi akakohoa, akajifanya anasafisha miwani. "Hata mwaka jana ilikuwa tisa."

Nakijwa akarudi nyumbani, akaifunika cherehani yake kwa kitenge, akamwachia jirani ufunguo, akaondoka. Njia aliyopita sina haja ya kuieleza. Aliyewahi kumtafuta mtoto wake anaijua, na ambaye hajawahi haitamsaidia kitu. Itoshe kusema alifika Fadhilani, nchi alikopelekwa mwanawe kusoma, asubuhi ya Alhamisi, miguu imemvimba, na mkobani ana gauni jipya la msichana wa miaka kumi na saba, alilolishona bila kumpima mtu yeyote. Vipimo alivitoa kichwani. Miaka minane alikuwa akilala na kuamka anamrefusha mwanawe kichwani, inchi hapa, inchi pale.

Fadhilani ni nchi ya watu wapole. Hilo nalisema mapema, msije mkadhani ni nchi ya wakatili. Watu wake wana machozi ya karibu na wanapenda kusaidia kuliko kula. Mlangoni mwa nchi umetandazwa utepe mwekundu, na kila anayeingia hupewa mkasi aukate huku askari wakimpigia makofi. Akishapita, utepe hufungwa fundo na kusubiri mwingine. Siku aliyopita Nakijwa, utepe wenyewe ulikuwa mafundo matupu.

Huko kila kitu kina bango la kumtaja aliyekitoa. Mti una bango, benchi lina bango, na kisima alichokipita Nakijwa kilikuwa na bango lenye paa la bati zuri, wakati kisima chenyewe hakikuwa na kifuniko. Alipoomba maji aliambiwa anaweza kuchota akishapiga picha na ndoo.

Ofisi ya Wageni ilikuwa na karani kijana mwenye tai, mchangamfu kupita kiasi.

"Karibu sana, mama! Umekuja kama mfadhili, mpiga picha, mtathmini au mshereheshaji?"

"Nimekuja kumwona mwanangu."

Karani akafungua daftari. Akafunua kurasa mbele, akarudi nyuma, akalamba kidole, akafunua tena. "Hiyo haimo," alisema kwa huzuni ya kweli. "Tuna aina nne tu."

"Basi niandike yoyote, mradi nimwone."

Akamwandika mpiga picha asiye na kamera. Kisha akamuuliza jina la msichana, na alipolisikia uso wake ukang'aa, akasimama, akamvuta dirishani kwa mkono. "Furahini! Mama, Furahini ni msichana wa taifa. Tazama!"

Ukuta mzima wa jengo la mbele ulikuwa picha moja. Mtoto wa miaka tisa, gauni la manjano limechanika begani, chozi limesimama shavuni. Chini yake paliandikwa maneno, na karani akamsomea: "Analia kwa kiu ya elimu."

Nakijwa akainama dirishani, akaitazama nguo. Lile gauni alilishona yeye kwa ajili ya Pasaka, lilikuwa na kola ya duara na vifungo vitano, na halikuwa na tundu hata moja mpaka wageni wa Fadhilani walipokuja kijijini kuchukua wasichana wa kusomesha. Mmoja wao aliomba radhi kwa upole kabisa, akatoa kisu kidogo, akafumua mshono wa bega. Furahini akalia. Alililia gauni lake jipya. Elimu alikuwa nayo, alikuwa akitembea kwenda shule kila siku na kurudi anaimba. Wageni wakasema asitulizwe kwanza. Walimwahidi mama kwamba watapiga picha ya wote wawili, na yeye akajifunga khanga yake nzuri, akasimama nyuma ya mwanawe, akamshika bega.

Sasa aliitazama picha ile na hakujiona. Walikuwa wamemkata. Palipokuwa na mama palibaki vidole vitatu tu, juu ya bega la kushoto la mtoto.

"Vile vidole ni vyangu," alisema.

Karani akautazama mkono wake, akaitazama picha, akacheka kidogo kwa aibu. "Vidole vya pichani ni mali ya picha, mama."

Alipangiwa chumba katika nyumba ya wageni iliyokuwa chini ya Bi Sikudhani, mwanamke mnene, mtaratibu, mwenye mikono laini isiyofanana na ya mpishi. Ni yeye aliyemweleza Nakijwa sheria ya nchi, wakiwa wanachambua mchicha barazani.

Nchi hiyo, alisema, inaendeshwa kwa ubia. Kampuni ya Biskuti inatoa madawati na Jumuiya ya Mikono Laini inatoa wasichana. Walipotia saini, hawakuandika jina la msichana wala umri wake, walibandika picha na kuandika kwamba watamsomesha msichana anayeonekana hapo. Mwaka uliofuata Furahini akarefuka. Ikazuka hofu kubwa, kwa sababu aliyekuwa darasani hakuwa tena anayeonekana pichani, na kumsomesha asiyeonekana ni kuvunja mkataba. Wanasheria wakakaa. Wakaamua kwamba kila mwaka iwepo Siku ya Kulinganisha. Msichana akifanana na picha yake, anaendelea na masomo. Asipofanana, anatolewa.

"Anaendelea na masomo gani?" Nakijwa aliuliza.

"Ya darasa la tatu. Pichani yuko darasa la tatu."

"Miaka minane?"

Bi Sikudhani aliinamia mchicha. Alichambua jani moja kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Na wewe kazi yako nini hapa, dada? Mikono hiyo si ya jikoni."

"Mimi ni Mwenye Vidole," alisema, na akaona haya kulisema. "Si unaona pichani kuna vidole begani? Siku ya Kulinganisha lazima viwepo. Nasimama nyuma ya pazia, natoa mkono kwenye tundu, naweka vitatu. Mwaka mzima napakwa mafuta visikunjamane." Akavitazama vidole vyake. "Sijawahi kuuona uso wake, sheria hairuhusu. Lakini bega lake nalijua. Mwaka wa kwanza lilikuwa linatetemeka. Huwa namfinya kidogo, ajue nipo."

Nakijwa alimwonea wivu mwanamke yule, wivu mchungu ambao hakuwahi kumwonea mtu. Mara saba yule alikuwa amelishika bega lile, na yeye mama mzazi hakuligusa hata mara moja. Aliendelea kuchambua mchicha, machozi yakimdondokea mkononi.

Siku tatu zilizobaki kabla ya Siku ya Kulinganisha alizunguka ofisi kuomba ruhusa ya kumwona mwanawe. Kote alipokewa kwa chai. Kote aliambiwa kwamba Furahini haruhusiwi kuonana na mtu kabla ya Kulinganishwa, asije akafurahi.

Akiwa anasubiri katika ofisi moja, alikaribishwa Barazani, bunge la nchi hiyo, kusikiliza mjadala, kwa kuwa wageni huko hupenda kuonyeshwa mijadala. Kwanza walijadili jina la Kampuni liandikwe wapi kwenye madawati. Miaka ya nyuma liliandikwa juu, vitabu vikalifunika, ndipo vitabu vikaondolewa. Safari hii likaandikwa kwenye kikalio, na sasa ikaonekana wasichana wanalikalia. Mjumbe wa Kampuni alisema haiwezekani kampuni ya chakula ikakaliwa. Baraza likaafiki kwa kauli moja kwamba wasichana wasome wakiwa wamesimama, na makofi yakapigwa kwa ajili ya madawati.

Kisha akasimama mbunge mmoja mzee, sauti yake ndogo, akauliza kama haifai kuanzisha darasa la nne.

Wajumbe wakageuka kumtazama. Mjumbe wa Jumuiya, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, alisimama akiwa na leso tayari mkononi.

"Ndugu wajumbe, hakuna anayewapenda wasichana hawa kuliko sisi. Lakini tujiulize kwa uchungu. Akifika darasa la nne, atataka la tano. Akimaliza yote, ataondoka. Akiondoka, tutamsaidia nani?" Akapangusa macho. "Alikuwepo mmoja, wazee mnakumbuka, aliyejifunza mpaka akamaliza. Bendera ilishushwa nusu mlingoti. Hatukupata mtu wa kumweka kwenye kalenda mwaka mzima."

Wajumbe wengi walilia. Iliundwa kamati ya kumpongeza yule mzee kwa hoja yake, na hoja ikafungwa.

Nakijwa alitoka nje, akakaa kwenye benchi lenye bango. Alikuwa na hasira, lakini kilichomlemea zaidi ni hamu. Alitamani kusikia sauti ya mwanawe ikoje sasa. Alitamani kujua kama bado anaogopa radi, na kama nywele zake bado zinamsumbua kisogoni. Kama hasira ingetosha angerudi nyumbani na kusimulia, ila hamu ilimzuia.

Siku ya Kulinganisha ilipopambazuka, Bi Sikudhani alimgongea mlango akiwa amevaa sare ya kazi yake, kanzu nyeusi yenye mkono mmoja tu. Akaivua, akamnyooshea.

"Vaa wewe."

"Watakufukuza, dada."

"Wanifukuze. Mara saba nimemshika mtoto wa mtu nikijua ni wa mtu." Akamfunga vishikizo kwa haraka. "Lakini sikiliza. Usimwite. Akigeuka tu, amekwisha, wanamtoa. Ukitaka abaki shuleni, weka vidole, nyamaza, uondoke."

"Na nikitaka aje nyumbani?"

"Hilo, mwenzangu, mimi siwezi kukujibu."

Nakijwa alikwenda ukumbini amevaa ile kanzu. Mwanawe alikuwa ametaka shule tangu angali anatambaa. Ndiyo maana alimtoa. Je, shule ya namna hii ilikuwa afadhali kuliko kumwondoa? Huenda mwakani Baraza lingebadilika. Yule mzee wa sauti ndogo huenda angepata mwenzake. Alisimama nyuma ya pazia na kujiambia kwamba atanyamaza. Aliapa kabisa. Atamgusa tu, kisha atakwenda zake, na mguso huo utamtosha mpaka kufa.

Ukumbi ulijaa. Kupitia tundu la pazia aliweza kuona kisogo cha msichana, nywele zimesimama palepale pa siku zote. Alikuwa mrefu, amepigishwa magoti ili afikie kimo cha pichani. Gauni la manjano lilikuwa limeongezwa vipande pembeni, kazi mbovu, nyuzi za rangi nyingine. Mbele yake alisimama Mlinganishi Mkuu, Bwana Taratibu, mtu mwembamba mwenye lenzi mkononi na picha kwenye sinia.

"Gauni," alisema. "Limechanika ipasavyo. Chozi."

Msaidizi akapitisha kipande cha kitunguu chini ya macho ya msichana.

"Chozi lipo. Vidole."

Nakijwa akatoa mkono wake kwenye tundu, akaviweka vidole vitatu juu ya bega la kushoto.

Lilikuwa bega la mtu mzima, limekonda. Mfupa wake aliutambua. Hakumfinya, hakufanya lolote, alitulia kama alivyoapa. Lakini kidole chake cha kati kilikuwa na ukucha uliopasuka, tangu zamani sindano ya cherehani ilipoupita, na mpasuko ule ukakwaruza ngozi ya bega kidogo tu. Utotoni Furahini alikuwa akikwaruzwa hivyo hivyo kila alipovishwa nguo.

Bega likaacha kupumua.

Bwana Taratibu alikuwa ameinama juu ya mkono, uso umemkunjamana. "Vidole hivi si vya mwaka jana. Kimoja kina kasoro." Minong'ono ikapita ukumbini. Akailaza lenzi juu ya picha, akatazama. Akatazama mkono. Akarudia picha. Alipoinua uso alikuwa amepauka. "Waheshimiwa, kasoro imo pichani. Miaka yote hii hatukuiona. Hivi," na sauti ikamtetemeka kwa furaha ya kikazi, "hivi ndivyo vidole vyenyewe!"

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Wengine walikumbatiana. Katika kelele ile hakuna aliyemtazama msichana, mpaka mpiga picha wa serikali alipoishusha kamera yake na kusema, "Mheshimiwa, anacheka."

Ni kweli alikuwa anacheka. Chozi la kitunguu bado lilikuwa shavuni, na mengine yasiyo ya kitunguu yalikuwa yanalifuata, na mdomo umefunguka, meno yote nje, pamoja na lile jino la pembeni lililokuwa limeota baada ya yeye kuondoka nyumbani na ambalo mama yake hakuwahi kuliona. Alikuwa amegeuka. Pazia lilikuwa limeanguka. Alikuwa amemshika yule Mwenye Vidole kiunoni, bado amepiga magoti, na anasema neno moja tu, "Mama, mama, mama," na Nakijwa, aliyeapa kunyamaza, alikuwa anaitika kila mara.

Bwana Taratibu alisubiri kwa heshima mpaka wakatulia. Halafu akasoma uamuzi. Vidole vimefanana kabisa na vitabaki. Msichana hafanani na ataondoka.

"Mama, nafasi yako ipo," alimwambia Nakijwa, akimpa mkono wa pongezi. "Utapewa nyumba na mafuta ya kupaka. Hatujawahi kupata ulinganifu kama huu."

"Baba," Nakijwa alisema, "hivi vidole vina mtu. Na mtu huyo ana mtoto."

Bwana Taratibu alilifikiria jambo hilo kwa dhati. Ilionekana ndiyo mara ya kwanza analisikia. "Pichani haionekani hivyo," alijibu.

Mlangoni mwa nchi Bi Sikudhani aliwafuata mbio, amebeba mkoba waliousahau. Alimtazama Furahini usoni kwa mara ya kwanza. "Acha nimshike mara moja," alimwomba Nakijwa, "kwa mkono mzima." Akamshika. Walikaa hivyo muda mrefu, na askari wa utepe hawakujua kama wapige makofi au la.

Njiani Furahini alivaa lile gauni jipya. Lilimpwaya mabegani na kifuani, maana alikuwa amenyimwa shibe asije akalipasua la manjano. Nakijwa alikuwa amemkuza mno kichwani. Alitoa pini mkobani akalipunguza kidogo, akasema atalirekebisha nyumbani, kisha akageuka upande asionekane uso.

"Walikufundisha nini, mwanangu?"

"Barua, mama. Barua ile moja. Lakini nilijiendeleza kusoma kwenye mabango. Huko mabango hayakosekani."

Mwezi uliofuata Furahini aliingia darasa la nne katika shule ya kijiji. Alikaa nyuma kabisa, magoti hayaingii chini ya dawati, na watoto wa miaka kumi wakamwita shangazi. Wa kumcheka walikuwepo. Aliwaacha wacheke, akaendelea na hesabu zake. Jioni alimsomea mama yake kila alichojifunza, na Nakijwa aliendesha cherehani polepole ili asikose neno. Alikuwa amempata mwanawe, kila mtu alimwambia hivyo, na yeye aliitikia. Lakini mara nyingine alisimamisha gurudumu akamtazama msichana yule mrefu mezani, na moyo ukamwenda kwa yule wa miaka kumi, na wa kumi na mmoja, na wa kumi na mbili, ambao hakuwahi kuwashonea kitu na ambao hakuna ofisi duniani ingewarudisha.

Kisha siku moja Mbazi akaja na barua, bahasha ni ile ile yenye picha ya mikono miwili, nembo ya Jumuiya ya Mikono Laini. Alikuwa ameshavaa miwani na kusafisha koo, lakini Nakijwa alimpokonya, akampa Furahini.

Furahini akasoma. "Mimi ni Furahini. Nina miaka tisa. Niko darasa la tatu." Akaishia hapo. Alikuwa anaitazama karatasi, na rangi imemtoka midomoni.

"Hawajajua kwamba ulirudi?" Mbazi aliuliza.

"Wanajua," alisema Furahini. "Huu si mwandiko wangu. Angalieni hizi herufi, zinapanda na kushuka. Huyu ni mtoto kweli, mama. Wamempata anayelitosha gauni."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Nakijwa aliichukua ile barua, akapitisha vidole juu ya maandishi asiyoweza kuyasoma, taratibu, kama anayepima kitambaa. Mahali fulani kulikuwa na mwanamke asiyepata barua yoyote, kwa sababu barua za mwanawe zilikuwa zinakuja hapa.

"Kaa chini," alimwambia Furahini, na akasukuma vitambaa pembeni kupisha daftari. "Mwandikie."

"Nimwandikie nini?"

"Anza na wewe mwenyewe. Halafu muulize."

Furahini akachukua kalamu. Mama yake alikuja akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani, mkono wote. Na Furahini akaandika, akiitamka kila herufi kwa sauti ili mama asikie:

"Mimi ni Furahini. Nina miaka kumi na saba. Wewe ni nani?"